Mjumbe wa bodi anapodai domeini ya chama ni yake

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa AMCOS ya wakulima wa parachichi huku Rungwe. Tovuti yetu ilitengenezwa na mjumbe wa bodi, kijana mwenye duka la huduma za kompyuta Mwanjelwa, na domeini, yaani jina la tovuti, aliisajili yeye. Mwaka huu tulitaka kuhamia kwa mtoa huduma mwingine, akasema domeini ni yake kwa kuwa ndiye aliyeitafuta na kuilipia. Kabla ya hapo nilimwomba aniangalizie kama jina la chapa yetu mpya liko wazi. Akasema liko, lakini wiki iliyofuata tukakuta limechukuliwa. Na bado anakaa kwenye kikao kinachochagua mtoa huduma. Tukimhoji anatujibu kwamba hata Marekani wanaogawa majina ndio hao hao wanaoyauza. Je, ni kweli? Nani anawasimamia watu hawa, na sisi tufanye nini? Ndaga fijo."

Marahaba, katibu. Nianze na jambo ambalo mjumbe wenu alipaswa kulifanya siku ya kwanza, yaani kutangaza maslahi. Ninaishi Mbeya na ninalipwa na vyama na kampuni kuwashauri juu ya mifumo yao ya kompyuta. Siuzi majina ya tovuti, sihifadhi tovuti ya mtu yeyote, wala sipati kamisheni kutoka kwa msajili, yaani kampuni inayoandikisha majina hayo. Ukiona ninaegemea upande, angalau unajua haukulipiwa.

Sasa swali la kwanza, domeini ni ya nani. Mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye kumbukumbu za usajili kuwa mwenye jina. Kutafuta jina, kulilipia kwa simu yake, hata kuijenga tovuti nzima usiku na mchana, hakumpi mtu nafasi hiyo. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu anayejaza fomu ndiye anayeamua nani aandikwe. Ni sawa na chama kununua kiwanja Uyole, kikamtuma mjumbe afuatilie hati, naye akarudi na hati yenye jina lake. Fedha ni za chama, uzio ni wa chama, lakini ukifika ofisi ya ardhi unaoneshwa jina la mjumbe, na kazi ya kuthibitisha inakuwa yako.

Kwa hiyo, kabla hamjagombana zaidi, angalieni kumbukumbu. Kuna huduma inaitwa WHOIS, iko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Ukiandika jina la tovuti yenu utaona tarehe lilipoandikishwa, tarehe muda wake unapoisha, msajili aliyeliandikisha, na mara nyingi jina la mwenyewe. Siku hizi taarifa za watu binafsi zinafichwa kwa sababu za faragha, hasa kwenye .com. Usiposoma jina la mwenyewe, soma jina la msajili, kisha mwandikie barua rasmi yenye mhuri wa chama ukiuliza kama chama ndicho kilichoandikwa. Chukua picha ya ukurasa huo na uichape. Nimeona kumbukumbu zikibadilishwa usiku mmoja baada ya kikao cha moto.

Ukikuta chama kimeandikwa kuwa mwenye jina, ila barua pepe na namba ya simu ni za kijana, basi mko pazuri. Msajili atahitaji cheti cha usajili wa chama, barua ya bodi na kitambulisho cha anayetumwa, kisha mawasiliano yatabadilishwa. Ukikuta ameandikwa yeye au duka lake, safari ni ndefu kidogo. Hapo kusanya risiti, muamala wa simu unaoonesha chama kilimrudishia fedha, na muhtasari wa kikao kilichomtuma. Muhtasari ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwa kuwa unaonesha alikwenda kwa niaba ya chama.

Hili la jina la chapa linahitaji utulivu. Angalia tarehe ya kuandikishwa. Likiwa liliandikishwa kabla hujamuuliza, basi alikudanganya au alikosea kuangalia, lakini hakuliiba. Likiwa liliandikishwa siku mbili baada ya mazungumzo yenu, kupitia msajili yule yule anayemtumia yeye, hapo una haki ya kumuuliza mbele ya bodi. Mtindo huu wa kunyakua jina ambalo mteja ameliulizia si mgeni. Mwaka 2008, Network Solutions, msajili mkubwa wa Marekani, ilikutwa ikijiandikishia majina ambayo watu waliyatafuta kwenye tovuti yake, hivyo kwa siku kadhaa usingeweza kuyanunua popote isipokuwa kwake. Kampuni ilijitetea kwamba ilikuwa inawalinda wateja dhidi ya walanguzi. Labda. Lakini mlinzi aliyekuwa akikulinda ndiye pekee aliyebaki na bidhaa ya kukuuzia. Baadaye mikataba ya rajisi mpya za kimataifa, yaani wenye daftari kuu la majina, ikawekewa kifungu kinachokataza kutumia taarifa za utafutaji wa wateja kujiandikishia majina. Ushauri wangu ni mfupi: usimuulize mtu yeyote kama jina liko wazi mpaka fedha ya kulilipia iwe mkononi.

Jina hilo mnaweza bado kulipigania. Kama chapa yenu mmeisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuwa alama ya biashara, mko na mguu wa kusimamia. Migogoro ya majina ya .com, na pia ya .tz, hupelekwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu lililopo Geneva. Chini ya utaratibu uliowekwa 1999 kwa ajili ya .com na wenzake, mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelichukua hana haki halali nalo, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Kushindwa moja ni kushindwa yote. Ada ya WIPO kwa shauri la .com mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500, fedha ambayo chama cha parachichi kingenunulia miche. Ndiyo maana nasema zungumzeni kwanza.

Tuje kwa Marekani. Kijana wenu ameshika ukweli, ila ameshika kipande cha zamani.

Mlolongo wa majina uko hivi. Juu kabisa ipo ICANN, shirika lisilotengeneza faida lililoanzishwa California mwaka 1998, linaloratibu miishio yote: .com, .org, .tz, .africa. Kila mwishio una rajisi moja, yaani mwenye daftari kuu. Chini ya rajisi wapo wasajili, wenye kibali cha kuandika majina kwenye daftari hilo. Chini ya wasajili wapo mawakala, na hapo ndipo walipo vijana wengi wanaotengeneza tovuti Mbeya, Iringa na Njombe. Wanakununulia kwa msajili wa Dar es Salaam au wa ng'ambo, wanaongeza chao juu, na mara nyingi wanaacha akaunti moja tu, ya kwao, ikiwa na majina ya wateja wote.

Kabla ya 1999, Network Solutions hiyo hiyo ilikuwa na vyote viwili: ilishika daftari la .com na ndiyo pekee iliyouza majina yake, kwa mkataba na serikali ya Marekani. Kuanzia 1995 ilitoza dola 100 kwa miaka miwili, na hapakuwa na duka la pili. Kwa hiyo usemi wa "wanaogawa ndio wanaouza" ulikuwa kweli tupu. Tiba ilikuwa kutenganisha kazi: mwenye daftari ashike daftari, wauzaji wawe wengi na wapewe masharti sawa. Kwa miaka kadhaa ICANN haikuruhusu rajisi kumiliki zaidi ya asilimia 15 ya msajili. Novemba 2010 bodi yake ikaondoa ukuta huo na kuweka kanuni za mwenendo mahali pake. Kwa maoni yangu hapo waliteleza. Ukuta unaonekana na kila mtu, lakini kanuni za mwenendo zinahitaji mtu wa kuzikagua kila siku, na mkaguzi analipwa kutokana na ada za hao hao anaowakagua.

Halafu kuna mambo ya watu. Juni 2011, mjini Singapore, bodi ya ICANN ilipitisha mpango wa kufungua miishio mipya, ambapo kila mwombaji angelipa dola 185,000. Mwenyekiti aliyeongoza kikao hicho, Peter Dengate Thrush wa New Zealand, muda wake uliisha siku hizo hizo. Wiki chache baadaye akatangazwa kuwa mwenyekiti mtendaji wa kampuni iliyojipanga kuomba miishio hiyo. Hakuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa, na hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi. Desemba mwaka huo bodi ikaamua kwamba mjumbe atakayeidhinisha ombi la mwishio mpya hataruhusiwa kuajiriwa na mwombaji huyo hadi ipite miezi 12 tangu uamuzi. Machi 2012 mkurugenzi mkuu wao, Rod Beckstrom, alisimama Costa Rica akaonya hadharani juu ya wajumbe wenye maslahi kwenye biashara ya majina. Mwezi huo huo serikali ya Marekani ikafuta zabuni ya kazi ya IANA, ile ya kutunza orodha kuu, ikisema hakuna aliyetimiza masharti. Moja ya masharti yaliyokuwa yameongezwa lilihusu mgongano wa maslahi. ICANN ilirekebisha nyaraka zake na kupewa kazi hiyo Julai.

Ukidhani walijifunza moja kwa moja, tazama .org, mwishio unaotumiwa na mashirika mengi ya hisani yanayofanya kazi hapa kwetu. Juni 2019 ICANN iliondoa kikomo cha bei kwenye mkataba wa .org, ingawa maelfu ya watu waliandika kupinga. Novemba ikatangazwa kwamba rajisi ya .org, iliyokuwa chini ya taasisi isiyo ya faida, inauzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, kwa zaidi ya dola bilioni 1.1. Waliokuwa karibu na mnunuzi ni pamoja na mkurugenzi mkuu wa zamani wa ICANN, Fadi Chehadé. Makelele yakawa makubwa. Mwanasheria Mkuu wa California akaandika barua akiitaka ICANN ikatae, na tarehe 30 Aprili 2020 ikakataa kweli. Mimi huwa nawaambia watu wa ushirika wasome habari hii. Hakuna aliyepatikana na hatia ya chochote, na bado uuzaji ulizimwa kwa sababu wenye majina walipata nafasi ya kuuliza nani anajuana na nani.

Uingereza ilitokea jambo linalofanana zaidi na ushirika wenu. Rajisi ya .uk, Nominet, ni ya wanachama, na wasajili ni miongoni mwao. Kura zinapimwa kwa wingi wa majina ambayo mwanachama ameyaandikisha, hivyo wauzaji wakubwa wana sauti kubwa kuliko wadogo. Machi 2021 wanachama waliochoshwa na kuona bei ikipanda, mishahara ya wakubwa ikipanda na mchango kwa jamii ukishuka waliitisha mkutano wa dharura, wakawaondoa wakurugenzi watano kwa asilimia 52.7 ya kura. Mkutano mkuu wa wanachama una meno mahali popote ukiitishwa kwa kufuata katiba.

Hata Afrika tumeonja. Kampuni mbili ziligombea mwishio wa .africa: DotConnectAfrica, na rajisi ya Afrika Kusini iliyoungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Masharti yalimtaka mwombaji aungwe mkono na asilimia 60 ya serikali za bara. Kamisheni iliyokuwa upande wa mgombea mmoja ilikuwa pia na kiti kwenye kamati ya serikali za nchi mbalimbali inayoishauri ICANN, na kamati hiyo ndiyo iliyotoa ushauri wa kumkataa mgombea wa pili. Julai 2015 jopo huru la wasuluhishi lilisema ICANN ilikiuka katiba yake yenyewe katika kulishughulikia ombi la DotConnectAfrica. Mwishowe Afrika Kusini ilipata, na .africa ikaanza kufanya kazi 2017. Mimi naamini matokeo yangekuwa yale yale hata kama kila kitu kingefanywa sawasawa, maana kuungwa mkono na serikali kulikuwa wazi. Ila miaka ilipotea na mamilioni ya dola yakaenda kwa mawakili.

Kwetu sasa. Daftari la .tz liliwahi kushikwa na tzNIC, kampuni isiyo ya faida iliyoanzishwa 2006 na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti. Baadaye kazi hiyo ikaingia TCRA yenyewe. Mifumo yote miwili ina kasoro yake. Ule wa kwanza uliwakalisha wauzaji wa majina meza moja na mwenye daftari. Huu wa sasa unamfanya anayetoa leseni na kusikiliza malalamiko ya sekta awe pia ndiye mwenye daftari, kwa hiyo ukilalamikia daftari unamlalamikia hakimu. Sisemi kwamba kuna uonevu. Nasema njia ya kutokea ijulikane: malalamiko yaanze kwa msajili, yaende TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, na usiporidhika na uamuzi wa TCRA kuna Baraza la Ushindani. Pia lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo watu wengi huku hawalifahamu.

Sasa usemi wa kijana kwamba domeini "ni yake". Machi 1994 Jon Postel, mtu aliyeshika orodha kuu ya majina ya intaneti tangu mwanzo, aliandika waraka mfupi unaoitwa RFC 1591. Anasema msimamizi wa kikoa cha nchi, yaani mwishio kama .tz, ni mdhamini, kwa ajili ya taifa lake na kwa ajili ya watumiaji wote wa intaneti. Anasema pia kwamba kuzungumzia haki na umiliki wa vikoa hivyo hakufai, kinachofaa ni kuzungumzia wajibu na huduma, na kwamba waombaji wote watendewe kwa usawa. Waraka ulihusu wakubwa wa juu, na wala huwezi kuupeleka mahakamani dhidi ya duka la Mwanjelwa. Lakini mjumbe wa bodi anayeshika akaunti ya chama yuko kwenye nafasi hiyo hiyo ya mdhamini, na ni vizuri asomewe.

Naomba pia mumtendee haki yeye. Vijana wengi wanaotoka MUST na vyuo vingine wanajengea vyama tovuti kwa ahadi ya "tutakuangalia msimu ukiisha", na msimu unaisha. Kama mnadaiwa kazi, ilipeni na mpate risiti. Deni la kazi na jina la tovuti ni vitu viwili, na mkivichanganya mtampa sababu ya kushikilia jina kama rehani. Na kumbukeni kwamba kuwa na mgongano wa maslahi si kosa. Rungwe ni ndogo, anayejua kompyuta atakuwa mpwa wa mtu au mjumbe wa kitu. Kosa ni kukaa kimya na kubaki kikaoni.

Kwa hiyo kikao kijacho kiwe na ajenda tatu, kwa mpangilio huu. Kwanza tamko la maslahi, kila mjumbe, mwenyekiti akianza, na liandikwe kwenye muhtasari: nani ana biashara, ndugu au deni linalohusiana na jambo linalojadiliwa. Pili, mwenye maslahi atoke nje ya chumba wakati wa majadiliano na wakati wa kura, na muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kunyamaza tu akiwa amekaa haitoshi, maana hakuna mjumbe atakayemsema mwenzake usoni. Angalieni akidi kabla hajatoka, nimeshuhudia uamuzi mzuri ukibatilishwa kwa sababu hiyo tu. Tatu, azimio la kwamba majina yote yaandikwe kwa jina la chama, kwa barua pepe ya ofisi isiyo ya mtu binafsi, na nywila zihifadhiwe na watu wawili, wewe na meneja. Huyo kijana anaweza kubaki kuwa mtu wa ufundi kwenye kumbukumbu, hakuna ubaya.

Akikataa kusaini uhamisho, msibishane kwenye kundi la WhatsApp. Mpeni barua yenye siku 14, nakala kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika mkoani. Vyama vyenu viko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na mjumbe wa bodi anayeshikilia mali ya chama ni jambo ambalo ofisi hiyo inalielewa hata kama haijui WHOIS ni nini. Iandikeni barua kwa lugha ya mali ya chama, ya kiufundi iwe kiambatisho. Kumbuka nayo mahakama ipo, ila msimu wa mavuno utapita mkiwa barazani.

Jambo moja lifanyike leo kabla ya hayo yote. Kwenye ule ukurasa wa WHOIS tazama tarehe ya kuisha muda. Katikati ya ugomvi kama huu hakuna anayekumbuka kulipia, na jina likishafutwa kwenye daftari mtu yeyote duniani analichukua. Ikiwa tarehe iko karibu, mpigie msajili uulize namna ya kulipia mwaka mmoja zaidi. Wasajili wengi hupokea malipo bila kujali fedha imetoka kwa nani, na kulipia hakumaanishi mmekubali kwamba jina ni la kijana. Andikeni kwenye risiti kuwa limelipwa na chama.